Upinde wa Mashoto Uliochelewa Kikima

Enzi zetu sisi wa Kanyangi, tuliozaliwa wakati suruali ndefu ilikuwa ya mwalimu na mchungaji peke yao, mvulana hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka apate upinde. Sisemi ule wa mabua tuliojitengenezea wenyewe kwa kamba ya mkonge, wa kulengea mijusi na mara mojamoja, kwa bahati mbaya, kuku wa jirani. Nasema upinde wa kweli, wa mti uliokaushwa moshini, wenye uzi wa kano za ng'ombe zilizosokotwa, ambao ukiuvuta nao unakuvuta. Vijana wa leo nikiwasimulia haya wananitazama kwa huruma, kisha wanaulizana kama nimekunywa dawa zangu.

Mimi nilizaliwa na shoto. Kijiko, jiwe, jembe, kila kitu kilikwenda mkono wa kushoto bila kuniuliza. Kwa Kikamba chetu mkono huo ni wa wanawake na wa kulia ndio wa wanaume, kwa hiyo unaweza kukisia utani niliolishwa. Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na fimbo ya mkwaju iliyojua njia ya kufika kwenye vidole vyangu vya kushoto hata nikivificha chini ya dawati. Alifaulu. Mpaka leo naandika kwa mkono wa kulia, na mpaka leo hakuna anayeweza kusoma nilichoandika, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kanisani nako hakukuwa na nafuu. Kila mchungaji aliposoma habari za siku ya mwisho, kondoo wakiwekwa kulia na mbuzi kushoto, Mwaitu, yaani mama yetu, alinigeukia kwa macho ya huzuni kama mtu anayemsindikiza mwanawe safari ya mbali. Nililia siku moja kwa ajili ya jambo hilo. Babu ndiye aliyenituliza. "Nyamaza," akaniambia. "Kondoo gani anaweza kuishi na ukame wa hapa? Hapa kwetu ni mbuzi tu. Mungu anajua hivyo."

Babu huyo alikuwa baba mzazi wa baba yetu, na kwa kuwa baba alifanya kazi Mombasa na kurudi Desemba akiwa na mkate na suruali za kutubana, Babu ndiye aliyekuwa mwanamume wa boma. Alikuwa mwembamba, mbishi, mwenye majivuno ya mtu aliyewahi kuwa hodari na hakutaka isahaulike. Ndani ya nyumba yake pinde zilining'inia juu ya moto, nyeusi kwa moshi, na harufu ya pale, moshi na asali na ngozi kuukuu, ningeitambua hata leo nikiwa nimefungwa kitambaa usoni.

Jioni tulicheza mchezo wa gurudumu. Mmoja alisuka pete ya vijiti, akaiviringisha kutoka juu ya mteremko, nasi tukajipanga kando tukiilenga kwa vipinde vyetu vya mabua. Wenzangu wote walisimama wakiangalia upande mmoja. Mimi, kwa shoto langu, nilisimama nikiwaangalia wao. Tukivuta, kiwiko changu kinaingia kwenye mbavu za Musyoka, mtoto wa baba mkubwa, na mshale wa Musyoka unaingia kwenye kaptula yangu. Mwishowe wakaamua nisimame mwisho wa mstari peke yangu, mahali ambapo gurudumu lilifika likiwa limeshaanguka.

Sasa, kwetu upinde wa kwanza hautoki nyumbani. Unatoka kwa mjomba, kaka wa mama yako. Hata kama babu ana pinde za kujaza nyumba, hazikuhusu mpaka mjomba ameanza. Na anayepewa hahimizi. Huulizi upinde umefika wapi, humtumi mtu kukumbusha, wala humfundishi mtoaji namna ya kutoa. Ukifanya hivyo umeuchafua upinde kabla haujaja, na wewe na jamaa zako mtaonekana watu wa tamaa. Watu wa boma letu walikuwa radhi kufa njaa kuliko kuonekana watu wa tamaa, na miaka mingine walikaribia kabisa.

Mwaitu alitoka Kikima, juu kwenye milima ya Mbooni, kwenye ndizi na kahawa na ukungu wa asubuhi. Watu wa Kikima ni wakulima hodari na wafanyabiashara wazuri, siwatukani, nina damu yao. Lakini mnyama mkali kuliko wote kule ni paka wa dukani. Upinde wangu basi ulikuwa utoke mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupiga.

Hata hivyo mjomba wangu Nzioka hakuwa mtu wa Kikima wa kawaida. Alikuwa amebeba bunduki za wazungu waliopiga kambi ya uwindaji kule Kiboko, na tangu aache kazi ile hakuna aliyemshinda kwa maneno ya silaha. Alivaa kofia yenye ukanda wa ngozi, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kukata mkate, na begani alining'iniza kifuko cha darubini. Darubini yenyewe haikuwemo. Ndani alitia viazi vitamu vya njiani.

Alipokuja kuniona nilikuwa na umri wa kuota upya meno ya mbele. Tuliketi nje ya nyumba ya Babu, Susu, ndiye bibi yetu, akitupakulia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wenye kunde na mafuta ya ng'ombe. Mjomba akaniona nikishika kijiko.

"Hebu ngoja," akasema. "Huyu kijana ni wa mkono gani?"

"Huo unaouona," Mwaitu akajibu kwa aibu.

"Lefti-handa!" Mjomba akaweka sahani chini. "Dada, na hukuniambia? Hii si maneno ya mchezo. Lefti-handa hapewi silaha hivi hivi. Ataumia!"

Akatusimulia. Kule Kiboko alikuja mzungu na mwanawe kijana, na kijana yule alikuwa shoto kama mimi. Baba alitaka kumchagulia bunduki ya kwanza, ile ya marisau, ya kupigia kwale na kanga. Walizipanga bunduki juu ya turubai, na Mjomba ndiye aliyezipokeza moja moja. Ya kwanza ilikuwa na kitako kilichopindwa kidogo kwa ajili ya bega la kulia, ikamgonga kijana shavuni. Ya pili ikitema ganda la risasi inalirusha upande wa kulia, na kwa mtu wa shoto upande wa kulia ndiko kuna pua yake. Ya tatu kufuli lake lilikaa upande usiofikiwa na kidole gumba. Mwishowe wakachagua yenye midomo miwili inayovunjika katikati, maana hiyo haina ubaguzi, na hata hiyo kitako chake kilipelekwa Nairobi kikanyooshwe.

"Mwaona?" Mjomba akamaliza. "Mtoto wa mzungu alichaguliwa siku nzima. Sasa huyu wa dada yangu nimpe upinde wa mtu wa kulia, kano imkate sikio? Asi! Mimi sitakubali. Nitamtengenezea upinde wa mashoto, raiti kabisa."

Sisi watoto tulikaa vinywa wazi. Nilijiona mtu mkubwa kupita wote, mtu ambaye silaha yake haijapata kuwepo duniani. Musyoka alikosa raha hata akashindwa kumaliza muthokoi, nami nikamsaidia.

Babu alikohoa. Alifungua kinywa, akamtazama Susu, Susu akatikisa kichwa kidogo sana. Babu akafunga kinywa. "Asante mkwe wangu," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Nikapimwa. Mjomba alitoa kamba ya mkonge akaanza kunipima kwa mafundo: kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kutoka bega mpaka shavu, kutoka kidevu mpaka chini. Alinipima na shingo, sijui kwa nini, hakuna upinde unaovaliwa shingoni. Kisha akasema lazima tulijue jicho langu la kulengea. Nikaelekeza kidole kwenye mgunga ulioko ng'ambo ya korongo, nikafumba jicho moja, halafu la pili. Zoezi likawapendeza watu wote, na boma zima likawa limenyoosha vidole na kufumba macho, Susu naye, Mwaitu naye na mtoto mgongoni.

"Na wewe Babu," Mjomba akasema. "Lenga ule mgunga."

Babu akanyoosha kidole. "Mgunga upi?" akauliza.

Tukacheka sana. Babu alikuwa mtu wa mzaha. Naye akacheka, lakini alichelewa kidogo kuanza.

Mjomba akarudi Kikima na kamba yake ya mafundo, nasi tukabaki kungoja. Siku chache baadaye Babu aliniita nimfuate kwenye mizinga yake ya nyuki. Njiani alijikwaa kwenye kisiki ambacho kilikuwepo pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa, akakitukana kana kwamba kimehamia jana. Tulipokaa akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Upinde wako ukija, asubuhi ya kwanza ni yangu na wewe. Nataka kukuona ukiachilia mshale. Nimemwona baba yako, nimewaona baba zako wote wadogo na wakubwa, kila mmoja asubuhi yake ya kwanza. Umebaki wewe. Na shoto sijawahi kumwona hata mmoja." Akajifuta macho kwa ncha ya shuka. "Haya macho yameingia vumbi. Lakini yatangoja."

Halikuwa vumbi. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, na daktari wa misheni alipomwambia kwamba huondolewa kwa kisu, Babu alisimama akachukua fimbo yake. "Jicho si jipu," akasema, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Hakuna aliyemlaumu. Siku hizo mtu aliyekwenda hospitali kwa miguu yake alionekana amewachoka watu wake.

Kwa hiyo kulikuwa na mashindano kati ya upinde na macho ya Babu, na mimi nilikuwa katikati nikiombea upande mmoja. Kuhimiza hatukuweza. Babu alibuni njia yake. Kila mtu wetu aliyepanda kwenda Mbooni alipewa kibuyu cha asali ampelekee Mjomba, na salamu tu, hakuna neno la upinde. Mtu yeyote wa Kanyangi angeelewa kibuyu cha kwanza. Mjomba alielewa kwamba tunampenda. Aliila asali ile, akatuma salamu, akatuma ndizi, akaongeza kwamba asali ya safari hii ilikuwa tamu kuliko ya safari iliyopita. Babu alipoletewa ujumbe huo alianza kuchagua kibuyu kingine. "Mkwe wangu ana afya," akasema.

Mvua za vuli zikaja zikaenda. Babu akaanza kuwasalimia watu kwa sauti wakiwa bado mbali ili wajibu na ajue ni nani. Siku moja alimsalimia nguzo ya ghala la Mwaitu, akamwuliza habari za nyumbani kwake, na nguzo ilipokaa kimya akasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Tulijificha nyuma ya ghala tukacheka mpaka tukalia. Usiku ule nilikosa usingizi kwa kuhesabu mambo ambayo Babu alikuwa bado anayaona: moto, jua, shuka nyeupe ya Susu, mimi nikisimama karibu.

Upinde ulikuja wakati wa kuvuna mbaazi. Mjomba aliuleta mwenyewe, umefungwa ndani ya gunia la kahawa. Ulikuwa mzuri wa kutisha. Mti umelainishwa kwa majani ya msasa ukang'aa, ncha zimezungushiwa ngozi, na pale pa kushikia Mjomba alikuwa amechonga mabonde ya vidole, kimoja kimoja, kama alivyoona kwenye bunduki moja ya bei mbaya kule Kiboko. "Mabonde ya mkono wa kushoto," akasema. "Kwa ajili ya mtu wa kushoto."

Babu aliketi kwenye kigoda chake mbele kabisa, amejipangusa macho, shingo ameinyoosha.

Nikauchukua upinde. Sasa, msomaji wangu, inuka hapo ulipo uvute upinde wa hewa. Mtu wa kulia huvuta kano kwa mkono wa kulia, na upinde anaushika kwa wa kushoto. Mimi navuta kwa kushoto. Upinde naushika kwa kulia. Mabonde yale mazuri ya mkono wa kushoto yalikuwa yanamngoja mtu yeyote wa Ukambani isipokuwa mimi. Nikaushika, na kila kidole changu kikaangukia kwenye tuta badala ya bonde.

Zawadi ya mjomba haisemwi. Nilishukuru, nikajaribu kuvuta, upinde ukaniponyoka ukamgonga mbuzi. Mjomba alinitazama, akaitazama mikono yake miwili, akaigeuza, akavuta upinde wa hewa hivi, akavuta hivi. Uso wake ulibadilika.

"Hesabu imegeuka njiani," akasema. Akauchukua upinde wake, akaurudisha ndani ya gunia. "Nipeni muda kidogo."

Muda kidogo! Nilimwangalia Babu. Alikuwa bado amenyoosha shingo kuelekea pale niliposimama, ingawa mimi nilikuwa nimeshasogea. Ndipo nilipojua mashindano yanakwendaje, na niliondoka mbio nikaenda kulia korongoni, mahali ambapo hata Musyoka hakunifuata. Nilimchukia Mjomba siku ile, na kofia yake, na Kiboko yake yote.

Vibuyu vya asali vilipanda Mbooni tena. Ndizi zilishuka tena. Mwaka mwingine wa mtama ulipita, nami nikaulinda dhidi ya ndege kwa teo, pamoja na wasichana, wakati Musyoka akipita na upinde wake begani akiniuliza kama wa kwangu umeshahesabiwa. Macho ya Babu yalifunikwa, kwanza moja, kisha la pili, weupe ukitanda kama utandu wa maziwa yaliyopoa. Alipokuwa haoni tena moto mpaka usogelewe, aliacha kusema habari za vumbi.

Mjomba alikuja mara ya tatu, bila gunia. Upinde alikuwa ameushika mkononi, na ulikuwa upinde tu. Hauna mabonde, hauna ngozi. Mti, kano, basi. Lakini maneno yake yalikuwa na mapambo ya kutosha pinde kumi. Alieleza kwamba mti wenyewe umekatwa upande wa kushoto wa mlima, kwamba kano imesokotwa kinyume, kwamba tumbo la upinde limeangalia kule ambako migongo ya pinde nyingine huangalia. "Mtu wa kulia akiushika huu," akasema, "mshale utakwenda kwa jirani."

"Tuonyeshe, mkwe," akasema Susu.

Mjomba hakusita. Aliweka boga juu ya kisiki, akashika upinde kwa mkono wa kushoto, akavuta kwa mkono wa kulia, kama alivyofanya maisha yake yote, akaachilia. Mshale ukaingia katikati ya boga mpaka manyoya.

Mjomba alisimama akilitazama boga lile kwa chuki.

"Nzioka," Susu akasema polepole, "na wewe umekuwa mashoto tangu lini?"

Basi boma likaanguka kwa kicheko. Mwaitu alikaa chini pale pale na ukuni mkononi. Watoto walijiviringisha vumbini. Babu alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, mpaka kikohozi kikamshika na Susu akalazimika kumpiga mgongoni. Mjomba alivua kofia, akajipepea, akangoja tumalize.

"Hii ni modeli mpya," akasema. "Ya pande zote mbili."

Akanikabidhi. Nilipeleka upinde kwa Babu kwanza, kama desturi. Aliupapasa kutoka ncha hii mpaka ncha ile, akaukunja kidogo, akausikiliza kwa sikio. "Mti mzuri," akasema. "Mjomba wako amekupa mti mzuri." Alisema hivyo kwa sauti ya kumfikia Mjomba. Kisha akaniinamia. "Upinde hauna kulia wala kushoto. Ni mtu ndiye mwenye mikono."

"Ulijua, Babu?"

"Tangu siku ile ya kamba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu anakuletea zawadi, unatoka nje unamfundisha njia ya kuja?" Akanirudishia upinde. "Kesho tutoke mapema."

Tulitoka kabla jua halijachomoza, mimi na yeye peke yetu. Alikataa kushikwa mkono. Alishika ncha ya upinde wangu na mimi nikashika ncha nyingine, na hivyo ndivyo nilivyomwongoza, ingawa kwa maneno yake yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza. Alijua njia kwa miguu. Hapa pana mawe, akasema, na mawe yakawepo. Umande ulikuwa baridi kwenye magoti, na kutoka upande wa mto Athi ulikuja upepo wenye harufu ya matope. Tulijibanza nyuma ya kichaka karibu na dimbwi ambako kanga walikuja kunywa.

Yeye ndiye aliyewasikia. Mimi nilikuwa na macho yangu yote mawili na sikuwa nimeona kitu. "Wanatokea kulia," akaninong'oneza. "Vizuri. Mtu wa kulia angelazimika kugeuka mzima mzima na kuwafukuza. Wewe umeshakaa tayari." Alicheka kwa pumzi. "Kumbe shoto ina kazi yake."

Wakaja wakiwa mstari, wakidonoa, na madoa yao yakiwa bado ya kijivu kwa uchache wa mwanga. Nikaweka mshale. Nikavuta mpaka kano ikagusa shavu langu la kushoto. Nikamlenga wa mbele, mnene, na sijawahi maishani kuwa na hakika na kitu kama nilivyokuwa na hakika na kanga yule.

Ndipo nikausikia mkono wa Babu begani. Mkono ule mkavu ulipita taratibu kutoka bega la kulia, ukafuata mkono wangu ulionyooka mpaka kwenye ngumi iliyoshika upinde. Ukarudi. Ukapita kifuani. Ukapanda kwenye kiwiko cha kushoto, kilichokuwa juu nyuma yangu, ukakizunguka, ukafuata mpaka kwenye vidole vitatu vilivyoshika kano, ukavigusa kimoja kimoja, ukagusa shavu ambalo vimelalia, na jicho lililokuwa wazi. Sikupumua. Mikono ilianza kunitetemeka, maana upinde wa kweli haukungoji. Kanga wa mbele akainua kichwa, akatuona, wote wakalipuka kwa kelele zile zao za bawaba isiyotiwa mafuta, na dimbwi likabaki tupu.

Nililegeza kano. Nilitaka kulia. "Wameondoka, Babu."

"Waache waende," akasema. Uso wake ulikuwa umeloa, na hakusema ni vumbi. "Mimi nimeshaona."

Tulirudi mikono mitupu. Babu aliwaambia watu wote kwamba mjukuu wake wa shoto anavuta upinde vizuri kuliko baba yake alivyovuta, na Musyoka alipouliza kanga yuko wapi, akajibiwa kwamba kanga si mada ya mazungumzo. Mjomba, aliyekuwa amelala kwetu, alikunywa chai yake kwa heshima zote na akaanza kueleza jinsi modeli ya pande zote mbili ilivyobuniwa.

Nilikuja kupiga kanga wengi baada ya pale. Babu hakuishi kuwala wote. Baadaye serikali ikafunga uwindaji, pinde zikapanda darini, na sisi wawindaji tukawa watu wa kusimulia, kazi ambayo haihitaji leseni.

Leo nina mjukuu wa shoto. Hakuna aliyemchapa vidole, na mchungaji wa sasa yeye mwenyewe ni shoto. Anawinda mchana kutwa kwenye simu, amelala kochini, anaua majitu ambayo hata Kiboko hayakuwahi kuonekana. Nilimsimulia habari hii yote kama nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza, nampongeza, mara mbili aliinua macho. Kisha akasema, "Lakini Babu, si mngebadilisha tu setingi?" Akanionyesha: ukibonyeza hapa, vitufe vyote vinahamia upande wa kushoto. Ilimchukua muda wa kupiga chafya. Nilitaka kumwonea huruma nikakosa sababu. Kila anachotaka kinafika kabla hajamaliza kukitaka. Ila akipiga shabaha yake bora kuliko zote, anaangalia huku na huku, na chumbani hamna mtu anayengoja kumwona.

Na mimi juzi juzi nilipatwa na mtoto wa jicho, lile la kulia. Mwanangu alinipeleka hospitali asubuhi. Kisu chenyewe sikukiona, na uchungu ulikuwa mdogo kuliko wa mwiba. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeketi nje na kitambaa jichoni, nimepewa soda. Walipokifungua kesho yake niliona kila kitu, mpaka mishono ya shati la daktari, na nikalia mbele za watu. Daktari, kijana mdogo, akadhani ni furaha. Akanishika bega akaniambia, "Mzee, usilie, sasa utaona vizuri." Sikuwa na namna ya kumweleza. Kama macho yangekuwa kitu cha kuazimana, ningempelekea Babu hili moja, kwa asubuhi ile tu, kabla kanga hawajaruka.